Gundi nyeupe isibebe lawama isiyo yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyelalamika kwamba viti vya mafundi wa mitaani siku hizi vinaunganishwa kwa mate, na kwamba gundi nyeupe inayouzwa madukani ni maji ya chokaa yaliyotiwa kwenye kopo zuri. Namhurumia kwa hasara aliyoipata. Mtu akitoa pesa ya jasho lake akanunua meza ya chakula na viti vyake, halafu mwaka haujaisha mgeni anaegemea kiti na mgongo wa kiti unachomoka, ana haki ya kukasirika. Lakini hasira yake ameielekeza kusiko. Mimi gundi hiyo naishika kila siku, na nikinyamaza wasomaji watabaki na habari isiyo sahihi.

Karakana yangu iko Ngamiani, hapa Tanga. Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo, na yeye aliianza enzi za gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi na mifupa ya ng'ombe. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchochea moto. Gundi ile ilikuja mabonge magumu ya rangi ya kahawia. Unayaloweka usiku kucha, asubuhi unayapasha ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji ya moto, maana gundi yenyewe ikichemka inaharibika. Ukishaipaka una muda mfupi sana kabla haijapoa na kuganda, na karakana nzima inanuka. Wazee walitengeneza vitu vya kudumu kwa gundi ile, na wanaotengeneza fidla huko Ulaya wanaitumia mpaka leo kwa sababu ukiipasha moto inaachia, chombo kinafunguliwa na kurekebishwa bila kuvunjwa. Lakini kwa fundi mwenye viti vya kupeleka sokoni, gundi nyeupe ilipofika ilikuwa ukombozi. Unafungua kopo, unapaka, unabana, basi. Hakuna kuni wala sufuria.

Ndani ya kopo hilo kuna nini? Kuna plastiki iitwayo polivinili asetati, ndiyo zile herufi PVA mnazoziona kwenye lebo. Iligunduliwa na mkemia Mjerumani, Fritz Klatte, mwaka 1912, ingawa ilichukua miaka mingi kabla haijawa gundi ya kila karakana. Plastiki hiyo iko katika chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji, kama mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa, na ndiyo maana rangi yake ni nyeupe. Karibu nusu ya kopo ni maji. Ukiipaka kwenye mbao, maji yananywewa na mbao na mengine yanakwenda hewani. Chembe zinabaki, zinasogeleana, zinabanana mpaka zinakuwa utando mmoja. Weupe unapotea na utando unabaki mwangavu. Haipikwi wala haichemshwi, na ile ya kawaida haihitaji dawa ya pili ya kuchanganya. Maji yakiondoka kazi imekwisha, na maji yasipopata pa kwenda, hakuna kazi.

Mhariri, fundi akilishika hilo moja, karibu kila swali la gundi hii linajijibu. Kwa nini haigandi ndani ya kopo? Kwa sababu plastiki ya kopo hainywi maji na kifuniko kimefungwa. Kwa nini inakataa kushika fomika juu ya ubao uliokwisha kupakwa rangi? Kwa sababu fomika hainywi maji, rangi hainywi maji, na gundi imefungiwa katikati mbichi. Nimewahi kubandua kazi ya namna hiyo iliyokaa wiki nzima, na kule katikati gundi ilikuwa bado laini na nyeupe kama siku ilipomiminwa. Upande mmoja lazima uwe na kiu: mbao, karatasi, kitambaa, plaiwudi. Chuma kwa chuma, kioo kwa kioo, vigae, plastiki, hizo ni kazi za gundi nyingine.

Sasa nirudi kwenye viti. Mteja mmoja aliniletea viti alivyonunua kwingine, vimelegea kama vya msomaji wako. Nilivigonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka maungio yakatengana, nikamwita aje aone mwenyewe. Ulimi wa mbao, yaani ncha iliyochongwa iingie kwenye tundu la kipande kingine, ulikuwa mwembamba kuliko tundu lake, ukiuchomeka unacheza. Aliyeviunda aliona nafasi hiyo, akaijaza gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, akapiga msumari mmoja wa pembeni, akapaka vanishi. Kwa nje kilikuwa kiti kizuri. Kwa ndani gundi ilikuwa imenywea, ina nyufa, na imejibandua kwenye kuta za tundu. Ingefanya nini? Nimesema karibu nusu yake ni maji. Maji yakitoka gundi inapungua ujazo, na pale ilipopakwa nene ndipo inapopasuka. Unga wa mbao na gundi unafaa kuziba kitundu cha msumari au ufa mdogo usiobeba kitu. Haufai kushikilia mgongo wa mtu mzima.

Ulimi ukichongwa sawasawa unaingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kiganja, bila kupigwa nyundo kwa nguvu na bila kucheza. Hapo gundi inakuwa utando mwembamba kati ya mbao mbili zinazogusana kila mahali, na utando huo una nguvu kubwa. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 204, ambacho kimetajwa kwenye makopo mengi, kinataka gundi ya mbao ya daraja la chini kabisa, ikishakauka vizuri, istahimili mvuto wa nyutoni 10 kwa kila milimita moja ya mraba. Ukipiga hesabu ni karibu kilo 100 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ulimi wa kiti una sentimita nyingi za mraba. Ndiyo maana kiti kilichoundwa vizuri ukikivunja kwa makusudi, mbao inachanika pembeni mwa gundi na maungio yanabaki yameshikana. Kijana yeyote anaweza kulijaribu hili. Achukue vipande viwili vya mbao kavu, avirande, avigundishe kwa kufuata nyuzi za mti, avibane, avisubiri mpaka kesho yake, kisha aingize patasi kwenye mstari wa gundi na kugonga. Nyuzi za mbao zikichanika na kubaki zimeng'ang'ania upande wa pili, gundi ni nzima na kazi yake ni nzima. Vikiachana safi, kuna kasoro.

Nimesema kwa kufuata nyuzi za mti kwa sababu kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hakishiki hivyo. Nyuzi zilizokatwa ni mirija iliyo wazi, inafyonza gundi yote ikapotelea ndani. Fremu ya picha iliyounganishwa pembeni kwa gundi tupu, kichwa kwa kichwa, itaachia. Ndiyo sababu ya ulimi, ndiyo sababu ya doweli, kile kijiti cha mviringo kinachoingia vipande vyote viwili. Wanaosema kwamba gundi siku hizi ina nguvu hivyo hakuna haja ya kuchonga maungio wanawadanganya vijana.

Halafu kuna kubana na kungoja. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na sitawatupia mafundi peke yao. Gundi nyeupe ya kawaida inataka mbao zibanwe zisitikisike kwa nusu saa hadi saa moja, na inataka kama saa 24 kabla kitu hakijabebeshwa mzigo. Kwetu hapa wakati wa masika, hewa ya bahari ikiwa nzito na nguo haikauki kwenye kamba, mimi huongeza muda. Lakini mteja amelipa nusu asubuhi, jioni anakuja na kirikuu kuchukua kabati. Kijana anaona aibu kumwambia arudi keshokutwa, anaogopa atapoteza kazi. Kabati linapakiwa gundi bado mbichi, linarushwarushwa barabarani, na kila mrusho unafungua maungio kidogo. Likifika nyumbani limeshakufa, ila bado limesimama. Nawaomba wateja wetu wa Tanzania nzima, mkiagiza kitu mpeni fundi siku ya kuongeza. Haiongezi bei.

Na asiye na klampu asiseme hawezi kubana. Klampu za chuma ni ghali, najua. Tyubu ya baiskeli iliyozeeka, ukiikata ukanda mrefu wenye upana wa vidole viwili na kuizungusha kwenye miguu ya kiti huku unaivuta, inabana kwa nguvu inayotosha kabisa. Kamba na kijiti cha kusokota kinafanya kazi hiyo hiyo. Meza unaweza kuibana kwa kabari kati ya vipande viwili vya mbao vilivyopigiliwa kwenye benchi. Ukiona gundi inatoka kwa matone madogo madogo kwenye mstari mzima, umepaka kiasi kinachofaa na umebana kiasi kinachofaa. Matone hayo yafutwe mara moja kwa kitambaa chenye maji, maana yakikauka juu ya mbao vanishi haiingii pale na doa litaonekana. Anayetumia klampu za chuma aweke kipande cha nailoni kati ya chuma na mbao: maji ya gundi, chuma na tanini ya mti vikikutana vinaacha doa jeusi ambalo msasa unahangaika nalo.

Wasomaji wa mkoa huu niwaambie jambo la mtiki, kwa sababu mbao zetu nyingi nzuri zinatoka kwenye msitu wa kupandwa wa Longuza, kule Muheza. Mtiki una mafuta yake ya asili. Mafuta hayo yanausaidia usioze upesi na usishambuliwe na mchwa, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoizuia gundi isiingie. Ubao wa mtiki uliorandwa wiki iliyopita umeshatoa mafuta juu, hata kama macho hayaoni. Unachotakiwa kufanya ni kuurudia kwa randa au msasa siku ile ile ya kugundisha, uufute kwa kitambaa kilicholoweshwa asetoni au thina nzuri, uiache iruke kabisa, kisha upake gundi papo hapo. Ukifanya hivyo mtiki unashika. Nimeona milango ya mtiki iliyoachia ikisemwa gundi ilikuwa feki, na gundi ilikuwa haina kosa lolote.

Mbao za Lushoto, msindano na mtarakwa wa kupandwa kule Shume, hazina shida ya mafuta. Shida yake ni ubichi. Zinashuka na lori zikiwa zinatota, na kwenye magenge ya mbao hazikai muda. Gundi nyingi zinataka mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ukigundisha mbichi, kwanza gundi haipati pa kupeleka maji yake, na pili mbao yenyewe itakauka ikiwa tayari ni kiti, ulimi utasinyaa ndani ya tundu, na hakuna gundi itakayoufuata. Panga mbao zako kivulini, weka vipande vya kupitisha hewa kati yake, na uwe na subira. Na ndugu zangu mafundi wa kule juu milimani, pamoja na wa Njombe na Makete, wana hili la zaidi: baridi ya Juni na Julai alfajiri. Gundi hii ikipoa sana, chini ya nyuzi joto 5, na aina nyingine hata chini ya 10, chembe zake zinakuwa ngumu, haziungani. Maji yanatoka, na kinachobaki ni unga mweupe kama wa chaki. Wangoje jua lipande, au waingize mbao na kopo ndani kwenye joto kabla ya kuanza.

Sasa nifike kwenye maji, kwa sababu hapa mnunuzi anaumizwa zaidi kwa kutojua. Gundi nyeupe za mbao si za aina moja. Ile EN 204 niliyoitaja inazipanga katika madaraja manne, D1 mpaka D4. D1 ni ya ndani, pakavu. D2 inavumilia kulowa mara moja moja kwa muda mfupi, kama mtu akimwaga chai mezani akafuta. D3 imetengenezwa kwa jikoni na bafuni, na hata nje ikiwa pana paa. Kipimo chake kimojawapo ni kuloweka maungio ndani ya maji kwa siku 4 na kuona yanabaki na nguvu kiasi gani. D4 ndiyo inayostahimili zaidi, na mara nyingi inapatikana kwa kuongeza dawa ya kukazia ndani ya D3. Ukichukua gundi ya D1, ukatengeneza kabati la chini ya sinki, gundi itarudi kuwa laini na nyeupe, na kabati litafunguka kama limekatwa kwa kisu. Joto nalo ni adui. Gundi hii ni plastiki inayolainika. Kitu kilichokaa juani chini ya bati la moto mchana kutwa huku kimebeba uzito, maungio yake yanateleza polepole, nywele kwa nywele. Kenchi za paa na mihimili msiitegemezee gundi nyeupe. Na wale vijana niliowaona pwani ya Deep Sea wakiziba ufa wa ngalawa kwa gundi ya kabati, nawaomba kwa upendo waache. Mafundi wa vyombo tangu zamani wanatia kalafati, pamba yenye mafuta, kwa sababu pamba inavimba na maji. Gundi ya kabati inalainika majini, na chombo kina watu.

Lakini fundi atajuaje kama aliyonunua ni D1 au D3? Hapa, Mhariri, ndipo penye uchungu wangu hasa. Kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi gundi inauzwa kwa kupima. Dumu kubwa liko chini ya kaunta, unakuja na chupa yako ya maji ya kunywa, unamiminiwa. Hakuna jina, hakuna daraja, hakuna tarehe. Gundi nyingi zinakaa vizuri kama mwaka mmoja zikiwa zimefungwa, na dumu linalofunguliwa kila siku linaingiza hewa na kutengeneza utando juu. Likiwa zito, muuzaji anatia maji. Tone kidogo la maji si dhambi, hata watengenezaji wengine wanaruhusu, lakini kila anayeliongeza anazitawanya chembe zile, na zikitawanyika utando unakuwa mwembamba na dhaifu. Wengine wanatia unga wa chokaa kuifanya ionekane nzito tena. Kwa hiyo msomaji wako aliposema chokaa, huenda alikutana nayo kweli. Ila hiyo ni gundi iliyochezewa. Mteja aliyekutana na chokaa hiyo, pamoja na fundi aliyedhani amenunua gundi nzima, wote wamedhulumiwa na mtu mmoja.

Ipo namna ya kuipima dukani au nyumbani. Dondosha tone kwenye kipande cha kioo, lisambaze jembamba, liache mpaka kesho. Gundi nzima inakauka ikiwa angavu au karibu na hivyo, na ukiibandua kwa ukucha inatoka kama ngozi inayokunjika. Iliyojazwa chokaa inabaki nyeupe, na ukiikunja inakatika. Ikitoa harufu ya uozo, au ina mabonge yasiyokorogeka, usiiweke kwenye kazi ya mtu. Harufu nyepesi kama ya siki ni ya kawaida yake.

Na kuna jambo kubwa kuliko viti. Gundi hii ni nyeupe kama maziwa, na tunaitia kwenye chupa za maji na za soda, tunaziweka dirishani nyumbani ambako watoto wanaishi. Gundi nyeupe yenyewe sumu yake ni ndogo. Lakini nyumba iliyozoea chupa ya soda yenye kitu kisicho soda, kesho chupa hiyo hiyo itatiwa thina au mafuta ya taa, na mtoto hatabagua. Nawaomba TBS, ambao kazi yao ni viwango, waitazame biashara ya kupima. Muuzaji anayetaka kugawa dumu kubwa agawe, sisi mafundi wadogo hatuna uwezo wa kununua dumu zima. Ila kila chupa ibandikwe karatasi yenye jina la gundi, daraja lake na tarehe iliyoko kwenye dumu. Karatasi na kalamu vinatosha.

Wakati tuko kwa watoto, niwaombe na walimu. Shule zikidai gundi ya kazi za mikono, wazazi wengine wanapitia kwa fundi viatu na kununua ile ya njano yenye harufu kali, kwa sababu iko karibu. Ile ina vimiminika kama toluini, na ndiyo hiyo hiyo vijana wa mitaani wanaivuta kwenye chupa, Dar es Salaam na Nairobi, nayo inawaharibu ubongo. Haina nafasi darasani. Mwalimu aandike kabisa kwenye orodha: gundi nyeupe, ya maji. Haina mvuke wa kulevya, na ikiwa bado mbichi inaoshwa mikononi kwa maji na sabuni. Watoto wanaweza kubandikia karatasi, maganda ya mayai, mbegu, vitambaa, na kufinyanga vinyago vya magazeti yaliyoloweshwa ndani ya gundi iliyozimuliwa.

Vitabu navyo inavifaa. Mgongo wa msahafu au wa kitabu cha nyimbo za kanisani ulioachia ukipakwa gundi nyeupe nyembamba na kubanwa kati ya mbao mbili unarudi, na kwa kuwa utando wake unakunjika kitabu kinafunguka bila kupasuka. Natoa tahadhari moja tu. Wenye karatasi za zamani, hati za mashamba, barua za mababu, vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu kama vilivyomo kwenye masanduku mengi ya pwani hii, wasiviguse kwa gundi hii. Ikishakauka kwenye karatasi haitoki tena bila kuidhuru, na kwa miaka mingi inaweza kutoa asidi inayoila karatasi. Kwa hizo tumia gundi ya unga wa ngano uliopikwa vizuri, ambayo ukiilowesha inaachia.

Nimalizie na viti vya msomaji wako, maana kama mbao zake ni nzima haina haja ya kuvitupa. Avigonge taratibu atenganishe yote yaliyolegea. Asipake gundi mpya juu ya ile ya zamani, haitashika, kwa sababu gundi iliyokauka imeziba vinyweleo vya mbao. Aloweshe maungio kwa kitambaa chenye siki ya moto au maji ya moto, aache mpaka gundi ya zamani ilainike na kuwa nyeupe, kisha aikwangue yote kwa patasi au kisu mpaka aione mbao yenyewe. Aache ikauke siku mbili. Kama ulimi unacheza ndani ya tundu, akate vinia au kipande chembamba cha mbao, akigundishe ubavuni mwa ulimi, kikikauka akirande mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Apake gundi pande zote mbili, ulimi na tundu, abane kwa tyubu ya baiskeli, ahakikishe miguu minne imekaa sawa sakafuni kabla gundi haijashika, na asiruhusu mtu kukikalia mpaka kesho yake usiku. Akiwa anakaa mkoani Tanga na hana vifaa, avilete Ngamiani siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Tutavifanya pamoja, aione gundi ikifanya kazi yake.

Wako,
Fundi seremala,
Ngamiani, Tanga.